Mbao Ishirini na Mbili

"Nakuuliza mara ya mwisho, Randa. Nani alikuita ujenge ule uzio?"

Fundi seremala aliinamisha kichwa, akaanza kubandua gundi iliyoganda kwenye ukucha wa kidole gumba. Mji mzima ulimwita Randa, na hata kwenye kitabu cha mahabusu askari wa zamu alikuwa ameandika hivyo hivyo kwanza, kisha akafuta.

"Afande, niulize habari za mbao, nitakujibu. Niulize misumari, nitakujibu. Hilo la nani aliniita, nimekula yamini. Sisemi."

"Yamini! Mtu kavunjika mguu mara mbili, wewe unaniletea habari za yamini?"

Mguu ulikuwa wa msoma mita za maji. Jana yake asubuhi aliinama kusoma mita kwenye bustani ya mshonaji nguo mmoja, uzio ukamwangukia mzima mzima, na majirani wakamtoa chini yake akipiga mayowe. Uzio huo ulitenganisha bustani mbili za ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa ndiye huyo mshonaji, watu humwita Sindano. Mdogo ni mwalimu wa hesabu, huyo ni Chaki. Kila mmoja alikuja kituoni peke yake, akaandika maelezo yake peke yake, akasema uzio si wake ni wa mwenziwe, na kwamba fundi aliyeujenga ni mzembe, ashitakiwe. Hilo la fundi lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana kwa miaka mitatu.

Sasa ilikuwa saa nne. Randa aliwekwa ndani jana saa tisa alasiri, na sheria inatoa saa ishirini na nne tu. Ikifika saa tisa, ama aachiwe, ama afikishwe mahakamani. Mkuu wa kituo alikwisha chapisha hati ya mashitaka na kuiacha juu ya meza ya Inspekta, kalamu juu yake. "Mwenye uzio akikosekana, nenda na fundi," alisema. "Mimi sina muda wa bustani za watu." Kesi ikimkalia Randa ni jela, na karakana aliyoijenga kwa miaka ishirini ndiyo basi tena.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kusukumwa. Aliisogeza ile hati pembeni.

"Haya, tuongee mbao. Ukipiga uzio, unasimama upande gani?"

Hapo Randa akainua uso. Fundi muulize kazi yake, hata awe mahabusu atasahau kama amefungiwa.

"Upande wa aliyeniita. Mafundi wote wa hapa tumefunzwa hivyo. Mbao unazipigilia upande wake, jirani unamwachia mgongo wa uzio. Kwa aliyekuita ndiko ziliko zana zako, ndiko unakoletewa chai. Utaanzaje kwenda kusimama kwa mtu asiyekuita?"

"Kwa hiyo nikienda nikaona mbao zimepigwa upande gani, nimeshampata mwenye uzio."

Randa akacheka. Kisha akajuta kucheka, akarudi kwenye gundi yake.

"Nenda ukaone, Afande."

"Na nguzo je? Zilikuwaje zikaanguka?"

"Nguzo zangu haziangukagi!" Alisimama, askari akamkalisha. "Futi tatu chini, nikashindilia kokoto mpaka mabega yakaniwaka moto. Atakayesema zimeanguka zenyewe ananitukana."

Inspekta alitoka bila kuaga. Kile kicheko hakikumpendeza hata kidogo.

Kiwanja kilikuwa kimoja zamani, cha marehemu baba yao. Kushoto nyumba ya Sindano, kulia nyumba ya Chaki, na kichwani mwa kiwanja, katikati kabisa, kijumba cha vyumba viwili cha mama yao mzazi. Uzio ulianzia ukutani kwa mama ukashuka hadi barabarani. Inspekta aliamua kuanza na mama, akaingia kwa haraka zake, akajigonga kidole cha mguu kwenye kipande cha zege kilichozuia mlango usijifunge. Kilikuwa na chuma kimechomoza katikati.

"Pole, mwanangu. Kila mtu hujigonga hapo."

"Basi si ukiondoe, Mama?"

"Mlango wangu huo unajifunga wenyewe. Kaa."

Mama alikuwa mkubwa wa umri lakini macho yake yalikuwa makali. Alimtazama Inspekta viatu, akapanda hadi kofia.

"Jana alikuja kijana wenu hapa," alisema. "Kiatu cha kushoto kina kamba nyeusi, cha kulia kahawia. Alifika saa mbili na dakika ishirini, akahesabu mbao, akaondoka. Hakuniuliza kitu."

"Mimi nakuuliza. Ulimwona nani akimleta fundi?"

"Sikuona mtu akimleta."

"Ulisikia nini?"

"Nyundo. Ilianza Jumanne, saa moja na robo asubuhi, wiki ile wanangu walipokwenda kumzika baba yao mdogo. Mvua ilikuwa na siku tisa haijanyesha. Msumari wa kwanza ulipinda, akautukana."

"Una kumbukumbu, Mama."

"Sijawahi kusahau kitu."

"Basi uzio ni wa nani?"

Mama akaanza kukunja kitambaa kilichokwisha kunjwa. "Wana ni wawili, wote wazima, wote wana midomo. Waulize."

Inspekta akatoka, safari hii akikiruka kile kipande cha zege.

Bustanini alikuta kioja. Majirani walikuwa wameuinua uzio jana, wakausimamisha kwa magongo ili watoe mtu. Konstebo aliyekuja aliandika kwenye ripoti: mbao ishirini na mbili, ndefu, hazikupakwa rangi. Aliandika yote, isipokuwa zilipigwa upande gani. Na sasa hapakuwa na ubao hata mmoja. Zilibaki nguzo sita na mapao mawili marefu ya kulala yaliyoziunganisha, yakipitisha upepo.

"Wewe!" Inspekta aliita. "Hebu njoo hapa!"

Sindano alitoka na tepu shingoni na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja, kwa makusudi, huku Inspekta akisubiri.

"Mbao ziko wapi?"

"Muulize mwenye uzio." Alinyoosha kidevu upande wa pili. "Huyo ndiye aliyeujenga, nikiwa msibani. Nimerudi, nimekuta nimefungiwa kama mbuzi. Na umeingia kwangu inchi kumi na tano! Nimepima kwa tepu hii hii."

"Ulimuuliza kama ni wake?"

"Nimuulize mimi? Nina haja gani ya kuongea na mtu yule?"

"Na huu mtaro?" Chini ya nguzo, upande wa Sindano, udongo ulikuwa umechimbwa mstari mmoja, mwembamba, umenyooka kama mshono, kutoka juu hadi chini ya kiwanja.

"Maji ya mvua yapite."

"Mvua gani? Mtaro umeingia chini ya nguzo!"

Sindano akarudisha pini mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kujibu, na nadhani ndiyo kazi zilizokuwa zinafanya hapo.

Inspekta alizunguka. Chaki alikuwa barazani anasahihisha madaftari, na hakunyanyua kichwa mpaka alipomaliza ukurasa.

"Nimeshatoa maelezo, Afande. Aya tano, zina namba."

"Nimezisoma. Aya ya tatu unasema uzio ni wa kaka yako. Umejuaje?"

"Si wangu. Tuko wawili. Toa mmoja, anabaki mmoja. Nimerudi kutoka mazishini, uzio umesimama, na umeingia kwangu sentimita thelathini na nane. Nimepima mara nne."

Inspekta akapiga hesabu kichwani. Inchi kumi na tano, sentimita thelathini na nane. Ni kipimo kile kile, kila mmoja akililia upande wake. Akamwuliza kama aliwahi kumuuliza kaka yake.

"Salamu hanipi, atanipa majibu?"

Upande wa Chaki nako kulichimbwa, ila si mtaro. Yalikuwa mashimo ya mraba, sawa kwa sawa, yamepangwa kwa kamba, safu tatu zikiishia chini ya nguzo. Inspekta alipiga magoti, akaingiza mkono. Mkono ulipita chini ya nguzo ya tatu ukatokea mtaroni kwa Sindano. Aliutingisha huko hewani, akahisi hasira inampanda. Futi tatu za Randa zilikuwa hewani. Wachimbaji wawili, mmoja ana sepetu mwingine ana jembe, walikuwa wamekutana chini ya nguzo bila hata kujuliana hali.

"Haya, yote mawili," alisema akisimama na magoti yamejaa udongo. "Mashimo ya nini, na mbao ziko wapi? Na usinipigie chenga, Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako."

"Mashimo ni ya mbolea."

"Mbolea haiko. Mbao?"

"Hilo muulize yeye. Mimi nimeamka asubuhi, hakuna."

Inspekta hakubishana. Alimwita dereva wake, wakaanza kwa Sindano. Kwenye chumba cha cherehani, chini ya meza ya kukatia, kitambaa cha suti kilikuwa kimefunika kitu kirefu mno kuwa kitambaa. Mbao kumi na moja. Wakavuka kwa Chaki. Kwenye chumba anachofundishia masomo ya ziada, ubao wa kuandikia ulikuwa umetoka ukutani zaidi ya inavyostahili. Nyuma yake, mbao kumi na moja.

"Zangu nimezihifadhi tu," alisema Sindano kupitia kwenye nguzo.

"Za nani?" Chaki alifoka. "Umesema zako? Afande, andika! Amekiri!"

"Funga mdomo wako!"

"Ufunge wako kwanza!"

"Fungeni wote!" Inspekta aliwapigia kelele mpaka jirani wa tatu akafunga dirisha.

Alikwenda kwenye yale mapao ya kulala akapitisha vidole juu yake polepole. Misumari ikitoka huacha tundu, na tundu haziwezi kufichwa chini ya meza. Upande wa Sindano palikuwa na tundu kumi na moja kwenye pao la juu. Akazunguka. Upande wa Chaki, kumi na moja. Tena hazikutazamana. Moja huku, inayofuata kule, moja huku, moja kule, kuanzia ukutani kwa mama hadi barabarani. Ndipo alipokielewa kicheko cha Randa.

"Sasa nisikilizeni, na atakayenikatiza namfunga pingu," alisema. "Mafundi wa mji huu hupigilia mbao upande wa aliyewaita. Ninyi mnalijua hilo, kila mtu hapa analijua. Jana, baada ya mtu kuvunjika, kila mmoja wenu alitazama akaona mbao upande wake. Akaogopa kwamba askari wataona. Kila mmoja akazing'oa zake akazificha, akiamini zile za ng'ambo zitabaki kumchoma mwenziwe. Ni kweli, si kweli?"

Sindano akatazama tepu yake. Chaki akatazama kalamu yake.

"Ni mbao chache tu," alinong'ona Chaki.

"Ni nusu. Nusu kamili. Na mashimo yenu si ya mvua wala mbolea. Mlikuwa mnatafuta jiwe la mpaka, lile lililowekwa na wapima ardhi kiwanja kilipogawanywa."

"Yeye ndiye aliyelificha!" walisema kwa pamoja, vidole vikipishana katikati ya nguzo.

Inspekta alitazama saa. Saa nane na nusu. Kituoni, ile hati ilikuwa bado mezani na kalamu juu yake. Alikuwa na waliouangusha uzio, hilo sawa. Lakini mkuu wa kituo angemwambia hajui nani aliujengesha, wala kama ulistahili kuwa pale, na fundi aliyeficha hilo kwa yamini asingetoka. Akazihesabu tena tundu kwa macho. Kumi na moja, kumi na moja. Sindano asingemlipia ndugu yake hata ubao mmoja. Chaki asingemzawadia kaka yake hata msumari uliopinda. Na wiki ya nyundo wote wawili walikuwa msibani.

Aligeuka akapanda kuelekea kijumba cha kichwani. Ndugu wakamfuata, kila mmoja kwa upande wake.

Mama alikuwa amekaa pale pale, kitambaa mapajani.

"Mama, nina swali moja tu. Randa alifanya kazi hapa wiki ambayo wanao wote hawapo. Chai yake ilitoka jiko gani?"

Mama akakikunja kitambaa tena. Nje, mlangoni, ndugu wawili wakasogea bega kwa bega wasikie, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Yuko ndani, Mama. Ikifika saa tisa namfikisha mahakamani. Hajakutaja. Nimemtisha, nimemfokea, hajakutaja."

"Bado hajasema?"

"Amekula yamini, anasema."

Mama akaweka kitambaa chini.

"Jiko langu. Na sukari vijiko vitatu, anapenda sukari sana. Uzio ni wangu."

"Mama!" Sindano akaropoka.

"Wewe nyamaza. Baba yenu hajamaliza arobaini, mlishaanza kupimana. Asubuhi huyu na tepu, jioni huyu na kamba. Siku moja nikatoka nikawakuta mmeshikana mashati juu ya lile jiwe, mmoja ana sepetu, mmoja ana jembe. Nikasema hapa nitazika mtoto. Mlipokwenda msibani nikamwita Randa."

"Kwa nini hukuwaambia kwamba ni wako?" aliuliza Inspekta.

"Ningewaambia, wangekuja kila siku. Mama sogeza huku, mama sogeza kule. Lakini kila mmoja akidhani ni wa mwenziwe, ataogopa kuugusa asije akapelekwa mahakamani. Walikuja kuniuliza, huyu kwanza, huyu baadaye. Nikamjibu kila mmoja, muulize mwenzio. Nilijua hawataulizana." Akavuta pumzi. "Miaka mitatu hawakuulizana."

"Na mbao, moja huku moja kule?"

"Randa aligoma. Alisema huo si uzio, ni kichekesho, mafundi wenzake watamzomea. Nikamwambia sikuzaa mtoto wa kupewa mgongo. Akanielewa."

Inspekta alitoa simu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na mbili. "Mfungulieni Randa," alisema. "Ndiyo, sasa hivi. Mwambie mkuu ninaye mwenye uzio, na waliochimba chini ya nguzo nawaleta mwenyewe. Na mrudishieni mkanda wake." Akakata. Mama alifunika uso kwa viganja viwili, akalia.

Inspekta akageukia mlango. Ndipo alipokitazama vizuri kile kipande cha zege. Kimemwagwa kwenye kopo, kikatoka duara, na chuma katikati. Wapima ardhi hawatengenezi vizuizi vya milango. Alikuwa amejigonga kwenye ushahidi wake tangu asubuhi.

Sindano aliyaona macho yake yanakwenda wapi, akayafuata. Chaki akafuata ya Sindano.

"Lile ni jiwe!" alisema Sindano. "Jiwe la mpaka!"

"Mama, ndilo lenyewe!" Chaki alipiga goti, akakigusa kile chuma. "Tumepita hapa miaka mitatu!"

Nje gari lilikuwa linasubiri. Hospitalini mtu alikuwa amelala na mguu umening'inizwa. Mama yao alikuwa amekiri mbele ya polisi, machozi hayajamkauka. Inspekta alisubiri kuona ni lipi kati ya hayo wataliulizia kwanza.

"Ulilitoa wapi, Mama?" aliuliza Sindano, tepu imeshatoka shingoni. "Lilikuwa huku kwangu kwa ndani, sivyo?"

"Sema tu ukweli, Mama," Chaki akadakia. "Lilikuwa usawa wa nguzo ya tatu? Au lilizidi? Lilizidi kiasi gani?"

Inspekta alifungua daftari. "Mama, hili linaingia kwenye maelezo. Lile jiwe lilisimama wapi?"

Mama alimtazama mkubwa. Akamtazama mdogo, kwa muda sawasawa.

"Sikumbuki," alisema.

Inspekta alimkodolea macho yule mwanamke aliyemtajia asubuhi ile saa na dakika za nyundo ya miaka mitatu nyuma. Kisha akaandika neno hilo moja, kama lilivyotamkwa, akampa kalamu atie sahihi. Ndugu walikuwa wameshaanza kugombana tena. Aliwasukuma nje wote wawili, akawaamuru wapande gari na wakae benchi moja, na alipokuwa anatoka akalisogeza lile jiwe kwa ncha ya kiatu, likashika mlango vizuri.